Robo za Mkate wa Muhogo

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ibelka aliijua methali hiyo, lakini wivu ulikuwa umemkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Yeye na Zunilda walikuwa wake wa ndugu wawili, nao walioka mikate ya muhogo kwa mama mkwe wao, Nereida. Kila mkate wa duara ulivunjwa vipande vinne, na wateja waliagiza kwa robo. Juma Kuu lilikaribia, na kila nyumba ilihitaji mikate ya kulia maharage matamu. Mama Nereida, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alikuwa ametangaza kwamba Jumatano ya juma hilo angemkabidhi mmoja wao dirisha la kuuzia. Mwenye dirisha ndiye mwenye nyumba.

Mteja akisema, "Robo kumi na tisa," Zunilda hujibu papo hapo, "Mikate minne mizima na robo tatu."

"Anapendelewa huyo," Ibelka alimnong'oneza mumewe. "Mama humtajia jibu kwa jicho."

"Jicho gani, mke wangu? Mama hata mimi ananiita kwa jina la mbwa."

Ibelka hakucheka. Mchana alinyemelea nyuma ya jiko. Alimkuta Zunilda amechuchumaa kando ya ndoo ya nguruwe, akipanga vipande vilivyoungua: vinne duara, vinne duara, kisha vinavyobaki pembeni. Alikosea, akavuruga, akaanza upya.

"Unachezea chakula cha nguruwe, Zuni?"

"Najifunza, dada. Kaa tupange wote."

"Mimi si mtoto."

Jumatano, Mzee Eligio wa dukani alifika dirishani. "Robo ishirini na tatu."

Ibelka alimpiga kumbo mwenzake. "Mikate mitatu mizima na robo tano!"

"Robo tano?" Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Binti, humo kuna mkate mzima umejificha. Na bado umenipunja."

"Mitano mizima na robo tatu, mzee," Zunilda alisema polepole.

Mama Nereida alivua aproni yake, akaifunga kiunoni mwa Zunilda.

Ibelka alifungua kinywa aseme kuwa huo ni upendeleo. Kisha akakumbuka vile vipande vilivyoungua. Jioni, wivu ukiwa bado unamchoma, alichuchumaa peke yake kando ya ndoo, akaokota vipande vinne vya kwanza.

Kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.