Tarishi Aliyekatazwa Kusema

Mwanamke mmoja, Sekela, alikuwa na shamba la viazi mlimani, na habari zake zote zilipitia sokoni. Mwenye soko alikuwa amejitolea kupokea salamu za watu bure na kumtuma tarishi kwa kila mwenye salamu zake. Wema ulioje! Watu wakaacha kabisa kupelekeana habari kwa miguu yao. Ila tarishi alipewa sharti: asimtaje aliyetuma, wala kilichosemwa. Aseme tu, "Kuna jambo lako sokoni," tena kwa kuhema, kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Maana anayefuata salamu hupita kwenye vibanda, na anayepita vibandani hununua.

Mwanzoni Sekela alitupa jembe na kushuka mbio. Akakuta fulani amesifu viazi vyake. Kesho yake, mtu asiyemjua alikuwa amesalimiana na mtu anayemjua. Siku ya tatu hakukuwa na salamu yoyote. Eti walimwita kwa sababu amepotea sana.

"Unanishusha mlima mzima kwa hili?" alifoka.

Tarishi akafuta jasho. Jioni alirudi tena, anahema vilevile. Ikafika mahali Sekela akimsikia anainamia matuta yake, haitiki.

Jumatatu moja tarishi alikuja mara mbili, na Jumanne akaja tena. Maneno yaleyale, kuhema kulekule. Sekela akaendelea kupalilia.

Alhamisi alishuka kununua chumvi. Muuza dagaa akamshika mikono yote miwili. "Pole, mwenzangu. Tulikungoja mpaka wakafukia."

"Pole ya nini?"

Mama yake. Jumatatu alizidiwa, akawa anamwita Sekela. Mdogo wake Sekela, asiyeweza kumwacha mgonjwa peke yake, akatuma salamu sokoni asubuhi, akatuma tena mchana. Jumanne akatuma ya msiba. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja.

  Sekela akamgeukia tarishi, aliyekuwa amesimama palepale.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada. Nilikatazwa kusema."

Wala hakuinamisha uso. Kwake, kazi ilikuwa imefanyika.

Sasa ninyi mnaotuandikia barua pepe kila kukicha, "Una taarifa mpya, bonyeza hapa," na yaliyomo mnayajua: mtapungukiwa nini mkituandikia palepale ni nani, na amesema nini?