Pikapu ya Mahari

Wavuvi wa pwani wanamjua vizuri mkizi. Ni samaki mwenye hasira za bure. Akichokozwa majini hakimbii, huruka juu kwa kishindo, na mara nyingi huangukia ndani ya chombo cha yule yule aliyemchokoza. Bushiri, muuza viatu vya mitumba wa Mchikichini, alikuwa amemla samaki huyo mara nyingi maishani mwake, lakini sahani haikumfundisha kitu.

Jumamosi hiyo aliamka na kisirani. Jana yake mkewe, Saadiya, alikuwa ametumia pikapu yao kumpeleka mama yake hospitali. Aliporudi jioni alikosa pa kuegesha karibu na nyumba yao ya Kariakoo, akaiacha Gerezani, mbele ya maduka ya vipuri. Bushiri aliposikia hivyo alifoka mpaka majirani wakafungua madirisha. Nani alimruhusu kuitupa gari mbali kama mzigo usio na mwenyewe? Hajui kwamba leo kuna belo jipya la kufungua, na wachuuzi wanaokuja kuchagua viatu vya kwanza hawamsubiri mtu? Saadiya alimwacha afoke hadi mwisho. Kisha akamwambia kuna jambo kuhusu gari hiyo anapaswa kulijua kabla hajaiwasha. Bushiri alimjibu kwa kubamiza mlango.

Na gari yenyewe haikuwa yake peke yake. Nusu ilitoka kwenye akiba yake ya viatu, na nusu ilitoka kwenye dhahabu ya Saadiya: bangili na mkufu wa mahari, haki ya mke, ambayo mume hana ruhusa hata ya kuiazima bila ridhaa. Saadiya aliivua kwa hiari yake akaipeleka kwa sonara. Alitaka ahadi moja tu, kwamba pikapu haitauzwa kamwe bila yeye kuulizwa. Bushiri aliapa mbele ya baba mkwe, na mzee akaitikia kwa dua.

Huko Gerezani aliikuta pikapu salama. Akaingia, akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, injini ikakohoa kidogo, kisha kimya. Akajaribu tena, ikawa yale yale. Mshale wa mafuta ulikuwa nusu, taa zilikuwa kali. Kila alipozungusha ufunguo shingo yake ilizidi kuvimba, na mwisho akatoka akalipiga tairi teke, kana kwamba tairi ndilo lililokosa adabu.

Dar es Salaam gari ikigoma, kila mpita njia ni fundi. Mmoja alisema betri, mwingine akasema plagi, wa tatu akaapa kuwa ni lazima isukumwe. Wakaisukuma hadi kona na kuirudisha, jasho likawatoka bure. Wakati huo simu ya Bushiri ilikuwa inaita. Aliitazama, akaona ni mkewe. Akakata. Ikaita tena, akaizima kabisa na kuitia mfukoni. Mtu anayetafutwa na jibu akajifungia mlango, utamsaidia vipi?

Alikuja fundi wa kweli, kijana wa Kichaga aitwaye Elimringi, mwenye banda lake jirani. Hakuwa na maneno mengi. Alifungua boneti, akaangalia cheche, akazikuta zipo. Akachomoa mpira wa mafuta, akamwomba mtu azungushe ufunguo. Mpira ukabaki mkavu.

"Bosi, petroli haifiki," alisema. "Kuna kitu kimeizuia pampu. Jana nani aliendesha? Mpigie umuulize."

Hapo ndipo alipotonesha kidonda. Bushiri alimwuliza kama ameitwa kutengeneza gari au kuchunguza nyumba za watu. Elimringi alipoinama kuchungulia chini ya usukani, Bushiri alimvuta kwa nyuma ya shati na kumwambia atoe mikono yake michafu mle ndani. Kijana akafuta mikono kwa kitambaa na kurudi bandani kwake bila kudai chochote.

Muda wote huo Seifu alikuwa ameketi mlangoni mwa duka lake, akinywa kahawa. Seifu alinunua magari mabovu na kuyauza vipande vipande, na jicho lake lilikuwa zoefu. Alikuwa amesikia injini ikikohoa, na alikuwa ameuona mpira mkavu. Akasogea taratibu.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Gari ikishaanza kumdhalilisha mwanamume mbele za watu, haiachi."

"Chuma chakavu hiki," Bushiri alifoka. "Angekuwepo wa kukinunua, ningekiuza sasa hivi."

"Mimi nipo."

Angenyamaza kwa muda wa kumeza mate tu, angemkumbuka baba mkwe. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mtu mwenye hasira huona aibu zaidi kurudi nyuma kuliko kuanguka. Akapokea bei ya chuma chakavu, akatia saini mbele ya mashahidi wawili, akatoa kadi ya gari na ufunguo. Seifu aliingia, akapapasa chini ya usukani, kidole chake kikakuta swichi ndogo iliyojificha nyuma ya kifuniko. Akaibonyeza. Akazungusha ufunguo, na pikapu ikawaka mara moja.

Ilikuwa swichi ya kuzuia wezi. Saadiya ndiye aliyemwita fundi aifunge, ikate umeme wa pampu ya petroli, pale gari ya jirani yao ilipoibwa. Bushiri aliicheka, akaiita woga wa wanawake, na hakuitumia hata siku moja mpaka akasahau kuwa ipo. Jana jioni, kwa kuwa gari ililala mbali na nyumbani, Saadiya alikuwa ameizima kwa swichi hiyo.

Alishika mlango wa pikapu akaomba wavunje mauziano. Sauti yake ilikuwa imepungua sana.

"Wewe umeuza chuma chakavu na mimi nimenunua chuma chakavu," Seifu alimjibu. "Kikiamka mikononi mwangu, hiyo ni riziki yangu." Akaondoka nayo polepole, akiwapisha watu kwa heshima.

Saadiya alifika akihema, baibui lake limejaa vumbi, kwa kuwa simu ilipozimwa alitoka nyumbani kwa miguu. Alipaona mahali alipoegesha pakiwa patupu, akadhani mumewe ameshaiwasha, akafurahi. Kisha akamwona Bushiri kando ya barabara, noti mkononi.

"Umeuza mahari yangu, Baba Samah?"

"Nimemuuzia Seifu, mwenye duka lile. Nilikasirika, mke wangu."

"Najua," alisema Saadiya. "Na Seifu naye alijua."

Alizikataa zile noti. Akageuka, akaelekea kwa baba yake kumweleza kiapo kimefikia wapi, na Bushiri hakuwa na mlango wa kubamiza wala mtu wa kumfokea. Ama kweli, hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.