Usingizi wa Pono Ndani ya Mtungi

Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa bado yanapiga miayo, wanyama walikuwa na jumbe wao, Ndovu. Mwili alikuwa nao wa kugawia kijiji kizima. Usingizi wa usiku sasa! Hakuwa nao hata wa kufumbia jicho moja.

Na angeupata wapi? Akishakula chakula cha mchana, Jumbe Ndovu alijitupa kivulini, puu! Alikoroma mpaka jua likazama. Magharibi ndiyo kwanza anaamka, ananyoosha mkonga na kuita, "Fisi! Kahawa!"

Fisi ndiye aliyekuwa mpishi wake. Alimimina kahawa chungu, nyeusi tititi, kikombe juu ya kikombe. Halafu sinia la pilau. Halafu ngoma, ti-ndi! ti-ndi! Makombo yote yalikuwa ya Fisi, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kumwona bwana wake akilala.

"Nisipolala mimi, hakuna kulala!" alitangaza Ndovu.

Basi kijiji kizima kilikesha barazani kwake. Twiga alisinzia akatumbukiza uso kwenye uji. Kobe aliitafuta nyumba yake mchana kutwa, kumbe kaibeba mgongoni.

Chekeni, chekeni. Bi Kidawa hakucheka. Bi Kidawa alikuwa pimbi, mdogo kama kikapu cha mayai, na aliishi maweni na watoto wake. Siku moja mwanawe Shaame alisinzia juu ya jiwe, mchana kweupe, kwa uchovu wa kukesha. Tai akashuka, vuuu! Bi Kidawa alimdaka mtoto mguu akamvuta shimoni. Tai aliondoka na manyoya tu.

Bi Kidawa alilia. "Wanangu wataliwa kwa sababu ya kahawa ya mtu!"

Akafuta machozi, akaenda kwa jumbe.

"Hodi!"

"Karibu! Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Niko huku chini, Jumbe. Ni Kidawa. Shikamoo."

"Marahaba. Kidawa? Aa, basi dawa unayo!"

"Dawa ya nini tena, Jumbe?"

"Ya usingizi! Mtu haitwi Kidawa bure. Nilaze! Usiponilaza, nayang'oa mawe yako yote, ukakae na wanao juani."

Bi Kidawa aliwakumbuka wanawe. Bila mawe, tai angewamaliza. Lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Usihofu, Jumbe. Utalala usingizi wa pono."

Ndovu akasimama. "Pono ndiye nani? Kumbe ndiye aliyeuchukua usingizi wangu!"

Loo! Wenzangu, nyinyi na mimi tunajua kwamba hayo ni maneno ya watu tu. Pono ni samaki, na mtu akilala fofofo husemwa kalala usingizi wa pono. Ndovu wa bara angejuaje?

Bi Kidawa aliona maneno hayo yamemfungulia mlango, akapita. "Hakuuchukua, Jumbe. Yeye ni samaki, ana wake mwingi mpaka anawaazima watu. Shangazi yangu kaolewa pwani, ataniombea."

Keshoye asubuhi alirudi na mtungi kichwani, umefunikwa kwa kitambaa.

"Umo humu. Lakini asifunue mtu! Ukifunuliwa, usingizi unaruka."

"Niupe sasa hivi!"

"Taratibu, Jumbe. Huu ni mgeni, na mgeni ana desturi zake. Umezoea maji. Shimo lile la mwamba lijaze maji kwanza, huu usingizi ujione uko kwake."

Ndovu akaenda mtoni, akavuta maji, akarudi, akamwaga. Akaenda tena. Jua la mchana lilimkuta anasinzia njiani.

"Nijilaze kidogo tu, Bi Kidawa."

"Thubutu! Pono atasema huyu anao wake. Mwenye chake haazimwi."

Ndovu aliguna, akarudi mtoni.

Jua likianza kushuka, Fisi aliwasha moto wa pilau. Bi Kidawa akaruka. "Zima! Mwenye usingizi ni samaki! Akisikia harufu ya kitunguu atadhani anaungwa nazi!"

Basi Ndovu akanywa uji kwa ndizi mbivu mapema. Fisi akaja na birika. "Kahawa, Jumbe?"

"Kahawa baharini uliiona wapi?" alidakia Bi Kidawa, akamtilia Ndovu mchaichai wa moto wenye maziwa. Akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu.

"Na ngoma je?" aliuliza Fisi, macho yamemtoka.

"Chini ya maji hakuna ngoma. Wala hakuna taa. Zima na hiyo."

Fisi akapuliza taa, fuu! Ndovu akajilaza karibu na mtungi.

"Bi Kidawa, mbona usingizi hau..."

Hakumaliza. Khorooo! Khorooo! Ardhi ilitetemeka, na kijiji kizima kikalala hapo hapo kilipokuwa.

Asubuhi Ndovu aliamka mwepesi, uso unamng'aa. Lakini Fisi alikuwa na njaa, na Fisi mwenye njaa ana mdomo mrefu. Akaunyakua mtungi, akaufunua, akaupindua mbele ya wanyama wote.

"Jumbe, umedanganywa! Tazama! Mtungi mtupu!"

Ndovu akaingiza mkonga ndani. Akautoa. Masikio yakamsimama. "Kidawa! Mtungi mtupu?"

Shaame alimng'ang'ania mama yake.

"Mtupu ndiyo, Jumbe," alijibu Bi Kidawa. "Si umeulala usingizi wote?"

Ndovu aliutazama mtungi. Akafikiri. Halafu akaangua kicheko mpaka ndege wakaruka mitini. "Ni kweli! Nimeumaliza wote! Kaniombee mwingine!"

"Hauombwi tena, Jumbe. Njia umeshaijua. Shimo la mwamba halijai mara moja, na uji wa mapema haumshindi Fisi kupika."

Ndovu alikuwa ameshaelekea mtoni, akipiga miluzi. Nyuma yake alifuata Fisi na ndoo, maana pasipo pilau hapana makombo, na asiyefanya kazi alikosa hata uji.

Siku ile kivuli cha tai kilipita tena juu ya mawe. "Tai!" alipiga kelele Shaame, macho makavu bila chembe ya usingizi. Chwi! Watoto wote wakawa ndani. Tai akapitiliza na njaa yake, na Bi Kidawa akafurahi kuliko wote.

Mwenye kuutaka usingizi wa usiku huutafuta tangu mchana. Hadithi imejilaza; nanyi fumbeni macho.