Msaidizi Mmoja wa Injinia Nyamizi

Kaeni vizuri. Leo sisimulii ili mpate usingizi. Nasimulia kwa sababu kuna jambo limenishinda, nanyi mnajifanya mafundi wa kuamua mambo ya watu.

Palikuwa na watu watatu, na katikati yao Nyamizi. Mwajabu, mdogo wake, alijaliwa subira. Kandoro alijaliwa moyo usiojua woga. Mzee Chambulilo alijaliwa kauli iliyoheshimiwa kiwanda kizima cha sukari. Nyamizi mwenyewe alijaliwa kichwa chepesi, na kichwa hicho ndicho kilichomtia taabuni.

Alikuwa mwanagenzi wa uhandisi. Siku nyingi za wiki alikuwa kiwandani, zilizobaki chuoni, na shahada haitoki mpaka pande zote mbili ziridhike. Darasani alisinzia huku ananuka grisi. Kwenye mabomba alishika spana huku hesabu zinamzunguka kichwani. Huko alionekana mzembe, huku alionekana mvivu, na kumbe alikuwa amechoka tu, jamani.

Alipojifungua akataka kuacha chuo. Mwajabu, aliyekuwa ameanza masomo ya ufundi umeme, akaacha yeye. "Nipe mtoto, dada. Wewe nenda, mimi nitarudi shule mwakani." Hakurudi. Mtoto akajifunza kumwita Mwajabu mama, na siku Nyamizi aliposikia, alijifungia chooni akalia.

Kandoro alikuwa mwanagenzi mwenzake. Pale kiwandani wana desturi yao: boila, ule mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, ikiwashwa baada ya matengenezo, aliyekaza bolti zake ndiye husimama karibu nayo. Ukiiogopa kazi yako mwenyewe, nani ataiamini? Sasa boila ambayo bolti zake alikaza Nyamizi ikapangiwa kuwashwa siku ya mtihani wake wa mwisho, na meneja hakutaka kusikia habari za kuahirisha.

"Nenda kafanye mtihani, Nyami," Kandoro akamwambia. "Nitasimama mimi. Najua unavyokaza."

Lakini bolti moja Nyamizi hakuikaza sawasawa. Aliishika huku anakariri masomo, akadhani ameimaliza. Mvuke ukapenya. Kandoro, badala ya kukimbia, aling'ang'ania vali mpaka ikafunga, mkono wake ukiungua. Wenzake wote walipona. Vidole vyake havikunyooka tena, na mafunzoni akaondolewa.

Kikao kikaitwa. Meneja akauliza nani alikaza bolti ile. Nyamizi alifungua mdomo, na Mzee Chambulilo, msimamizi wao, akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kazi ya mwanagenzi naikagua mimi," akasema. "Hii sikuikagua. Lawama ni yangu."

Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Wakamvua usimamizi, wakampa ufagio. Nyamizi alipomfuata nje kumshukuru, mzee alimkatiza: "Usinishukuru, mwanangu. Maliza shule."

Akamaliza. Bila mdogo wake asingefika darasani, bila Kandoro asingefanya mtihani, na bila mzee angefukuzwa kabla ya joho. Leo ndiye injinia wa boila, na injinia mpya hupewa haki ya kuchagua msaidizi. Mmoja tu. Atakayechaguliwa atasomeshwa na kiwanda na kazi yake ni ya kudumu.

Mwajabu akasema, "Dada, nimechoka kuwa mtu wa kusubiri."

Kandoro akauinua mkono wake. "Huu nani mwingine atauajiri, Nyami?" Mpaka leo anaamini bolti ililegea yenyewe, na Nyamizi hajathubutu kumwambia.

Mzee hakuomba kitu. Nyamizi alipopita getini, mzee yule mwenye umri wa kumzaa aliweka ufagio chini akasema, "Shikamoo, injinia." Nyamizi alitamani ardhi immeze.

Akimchukua Mwajabu, watu watasema amebeba ndugu. Akimchukua mzee, ataona mwenyewe kwamba analipia siri. Akimchukua Kandoro, boila inataka mikono miwili mizima, na tayari imekula mmoja. Asubuhi hii meneja amemwita ofisini, anataka jina, na Nyamizi amesimama mbele yake.

Haya, wajuzi wangu, mtajieni huyo mmoja. Lakini mkishamtaja, nani kati yenu atakwenda kuwaambia wale wawili?