Hundi za Mzee Shekiondo

Mzee Shekiondo alikuwa na nyumba saba za kupangisha pale Korogwe. Katika moja ya nyumba hizo alikaa Sikudhani, mwanamke aliyechapa kadi za harusi kwa mashine yake sebuleni. Siku moja mzee alimwendea.

"Nichapie kitabu cha hundi. Weka jina langu, lakini namba ya akaunti iwe ya kubuni. Nataka ng'ombe wa mjane Namsifu. Hundi ikija kukataliwa benki, ng'ombe nimeshawauza mnadani."

"Nikikataa, mzee?"

"Utahama leo."

Sikudhani alifikiri kidogo. "Basi niachie hundi yako moja ya kweli, nione umbo lake."

Baada ya siku mbili kitabu kilikuwa tayari. Mzee alikipapasa, akakisifu, akaenda nacho kwa mjane. Kwa kuwa hakutarajia kulipa, hakubishania bei. Mjane alitaja milioni kumi na mbili, yeye akaandika kumi na tano na kutia saini yake.

Wiki iliyofuata alirudi akihema. "Benki imelipa! Imelipa zote, kutoka akaunti yangu!"

"Ndiyo, mzee. Niliogopa kubuni namba nisije nikaangukia ya maskini wa Mungu. Hiyo yako nilikuwa na hakika nayo."

"Nakupeleka polisi sasa hivi!"

Sikudhani alijitanda mtandio wake. "Twende, mzee. Ila utaanza kueleza wewe."

Mzee Shekiondo akavuta kiti, akaomba maji ya kunywa.