Siku Walipokwenda Kuiombea Pampu

Ukisikia jirani yako ameharibikiwa, wewe huwa unauliza nini kwanza: imekuwaje, au amemkosea Mungu nini? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kisha nisikilize.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa vitunguu, aliyechoka kukodi pampu ya dizeli. Pampu ile ilikuwa ikivila vitunguu vyake kabla havijafika sokoni. Basi akauza ng'ombe wake wawili wa kulimia, akatoa malipo ya kwanza, na kampuni ikamfungia pampu ya sola kando ya kisima. Paneli nne zililala juu ya fremu fupi, kimo cha kiuno, zikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kiasi kilichobaki angelipa kila mwezi kwa miaka miwili. Akishindwa, wanafungua boliti zao wanaondoka.

Jirani yake, mzee wa kanisa, akaja kutazama. Akazunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Mama, jua ni la Mungu. Wewe umekwenda kulikopa dukani?"

"Na mvua ni ya nani, mzee? Mbona bati la kuikingia ulinunua?"

Mzee akacheka kwa pua. "Haya. Tutaona."

Wiki mbili za kwanza maji yalitoka kwa fujo. Wiki ya tatu mambo yakageuka. Kila asubuhi mama aliwasha pampu, akaenda kwenye kibarua cha palizi kutafuta hela ya kampuni. Akirudi saa tisa, tangi nusu. Jua linapasua vichwa, tangi nusu! Na vitunguu ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kujaza. Ukivinyima maji siku kumi wakati huo, unavuna majani.

Habari ikafika kanisani kabla yake. "Mashine ya yule mama inaumwa." Ikatangazwa ibada ya kuiombea pampu. Unacheka? Ungekwenda, na kitenge kipya ungevaa.

Siku moja kabla ya ibada, mama alitoroka kibaruani, akafika shambani saa saba mchana. Juu ya paneli mbili za mwisho alikuta makopa, vipande vyeupe vya muhogo vimepangwa kwa ustadi, vinakauka. Mtu hakuna. Na tuwe wakweli, ni mahali pazuri pa kuanikia: pana moto, hapana mchanga. Akayazoa yote kwenye kiroba, akampigia simu fundi wa kampuni.

"Mama, paneli hizo zimeunganishwa pamoja," fundi akamwambia. "Ukifunika moja, umezinyonga zote. Kesho nakuja."

Kesho yake watu wakajaa kisimani, na kwaya juu. Mzee wa kanisa akasimama mbele.

"Mama, kabla hatujaomba, tubu. Kuna kitu unatuficha."

"Sitatubu."

Watu wakaguna.

"Mbele za Mungu, mama?"

"Mbele zake hasa. Yeye anajua pampu yangu ina nini." Akaburuta kiroba, akakimwaga miguuni pao. "Haya niliyakuta jana juu ya paneli. Yamekauka vizuri kweli. Mwenyewe aje achukue."

Hakuna aliyesogea. Mwezi ule watu walikuwa wanalalia uji, na kiroba kizima cha makopa kinakosa mwenyewe! Umewahi kuona?

Fundi akatoa fomu yake. "Mama, mimi nimetumwa kuandika sababu. Kama aliyeanika ni wewe, dhamana imekufa, na ukichelewesha malipo tunakuja kufungua mashine. Kama ni mtu mwingine, kampuni inakusubiri mpaka mavuno. Lakini huyo mtu aseme mwenyewe. Siwezi kuandika 'shetani'."

"Mambo hayo tuyaache," mzee wa kanisa akasema. "Tufumbe macho tuombe."

"Fumbueni!" mama akafoka. "Shambani kwangu leo haombi mtu mpaka mwenye makopa aseme. Kama ni kukaa, tutakaa. Maji ya kunywa ninayo."

Hapo, wapendwa, tukae nao kidogo, maana watu wale ni sisi. Sisi ndio tunaofunika jua la mwenzetu, halafu tunamwandalia mkesha. Tunamwachisha binti shule, kisha tunaomba Mungu amfungulie milango. Tunamnyang'anya mjane shamba, kisha tunamchangia sabuni. Tunapenda sana maombi, kwa sababu huko macho yanafumbwa. Mnaniambia Mungu hajibu? Mungu alilileta jua saa sita kamili, kila siku, hakuchelewa hata mara moja. Muhogo katikati hakuuweka yeye. Basi kabla hujamwambia mtu atubu, nenda kwanza ukaondoe vitu vyako juu ya paneli zake. Na wewe unayeambiwa utubu kosa lisilo lako, usitubu. Simama hapo hapo. Waache wachoke wao.

Nao walichoka. Kwaya iliishiwa nyimbo. Watoto wakaanza kulia njaa. Fundi akatazama saa, akatikisa kichwa, akaweka fomu gotini na kuanza kuandika jina la mama.

Mzee wa kanisa akavua kofia.

"Acha, kijana. Usimwandike yeye."

"Sema kwa sauti, mzee," mama akamwambia. "Ile ya madhabahuni."

Mzee akapaza sauti.

"Nilianika mimi. Kila siku akishaondoka, saa sita mpaka saa tisa. Niliona maji yanapungua, nikaendelea kuanika."