Aliyemgeuza Bibi Nakijwa

Sogeeni karibu. Hadithi yenyewe ni fupi, swali lake ndilo refu. Atakayesinzia tutamwamsha kwa swali hilo, wala hatapewa muda wa kufikicha macho.

Katika kitongoji cha Vuriani, juu kabisa milimani Upare, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi, walikuwepo ndugu watatu wa tumbo moja.

Wa kwanza, Mcharo, alikuwa na mkono. Kitu akikiona mara moja, mkono wake hukikumbuka hata baada ya macho kusahau. Aliwahi kumchora mbuzi aliyepotea, na mbuzi akapatikana kijiji cha tatu kwa sababu ya ile pembe iliyopinda.

Wa pili, Naetwe, alikuwa na koo. Sauti ya mtu yeyote ikipita masikioni mwake ilibaki huko kama maji ndani ya mtungi. Shuleni aliwahi kuwaruhusu wanafunzi kwenda nyumbani kwa sauti ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe, akiwa chooni, akadhani labda kweli amesema.

Wa tatu, Sifael, alikuwa na neno moja tu: “Lakini.” Ukimsimulia hadithi, husikiliza hadi mwisho, hunyamaza kidogo, kisha husema, “Lakini...” Na hadithi yako hairudi tena kuwa kama ulivyoileta.

Bibi yao aliitwa Nakijwa. Mumewe, Babu Elinaja, alikuwa mpiga zeze. Zeze lake lilikuwa la uzi mmoja, kibuyu chake kimeingia weusi wa moshi wa miaka arobaini, na kila alipotaka kuanza kupiga alikohoa mara mbili, akaita, “Nakijwa, mtu wangu!” Bibi alikuwa akiitika kutoka jikoni, “Abee!” Ndipo zeze linaanza. Kabla ya hapo halianzi.

Babu alizikwa Jumatano moja ya mwezi wa tisa. Na watu wa Vuriani wana sharti: anayeondoka makaburini hageuki nyuma. Ukigeuka unamwita marehemu akufuate, naye anapotea njia. Bibi Nakijwa ndiye aliyewafundisha watoto wote wa ukoo sharti hilo, wengine kwa kuwashika vichwa. Siku hiyo, alipofika kwenye uzio wa masale, ile mimea inayozunguka makaburi, alisimama. Akageuka.

Pengine jambo hilo lingepita kimya. Lakini Shangazi Eliamani, binti yake mkubwa, alikuwa na uchungu, na ulimi wake ulitangulia akili. Akasema, si kwa sauti kubwa:

“Mama amegeuka.”

Maneno mawili tu. Waliokuwa nyuma wakawapa walio mbele, na kufika nyumbani kila mtu alikuwa nayo.

Tangu siku ile Bibi alikiweka kigoda chake mbele ya ukuta wa magharibi na kuupa mlango mgongo. Ukimwita, hageuki. Ukimsalimu, haitikii. Aliyegeuka mara moja aliamua kutogeuka tena. Wajukuu, waliozoea kuitwa “mume wangu” na “mke mwenzangu”, walibaki na kazi ya kuutazama mgongo: mifupa miwili ya mabega, kanga iliyopauka, na kisogo kilichokuwa kikizidi kuwa chembamba. Makande aliyoyapenda aliyakataa. Kufikia mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata alikuwa anakunywa vijiko vitatu vya uji kwa siku. Mganga wa zahanati alimpima, akakunja kifaa chake, akasema, “Mwili hauna ugonjwa. Ila anaondoka.”

Hakuna aliyeuliza anakokwenda.

Hapo ndipo Sifael alipokuja na hadithi. Aliisoma katika kitabu kilichochanika jalada, cha hadithi za Wagiriki wa kale. Mpiga kinanda mmoja alifiwa na mkewe, akashuka kuzimu kumfuata. Akapiga kinanda mpaka mfalme wa kuzimu akalainika na kumwambia: mchukue, atakufuata nyuma, lakini usigeuke mpaka mfike kwenye mwanga. Mwanamume akatembea. Karibu kabisa na mwanga, akageuka. Mke akayeyuka kama moshi.

Mcharo aliposikia, alikumbuka siku ya makaburini.

“Wagiriki nao wana uzio wa masale,” akasema.

“Tuifanye katuni,” akasema Sifael. “Bibi hageuki, sawa. Tutaitupa picha palepale ukutani anapotazama. Hatahitaji kugeuka.”

“Kisha aone mke anayeyuka?” akauliza Naetwe. “Si utakuwa umemzika wewe mwenyewe?”

Sifael akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Lakini...”

Walifanya kazi miezi minne.

Mcharo alichora kwenye karatasi, picha nane kwa kila sekunde moja, akazipiga picha kwa simu moja baada ya nyingine. Filamu ilikuwa ya dakika sita, kwa hiyo picha zilikuwa elfu mbili mia nane na themanini, na zimehifadhiwa zote ndani ya sanduku la bati. Kinanda alikifanya zeze. Mbwa wa vichwa vitatu anayelinda mlango wa kuzimu alimchora kila kichwa na tabia yake: kimoja kinabweka, kimoja kinasinzia, cha tatu kinauliza wageni wametoka ukoo gani. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa mgongo. Mke wa mpiga zeze hakuonyeshwa uso hata mara moja. Alionekana kwa nyuma tu, akitembea ukunguni, na mabega yale, na kanga ile, na kisogo kile, vilikuwa vya Bibi Nakijwa. Mtu anaweza kuishi miaka themanini asiuone mgongo wake. Mcharo alimchorea Bibi wa kwake.

Naetwe hakutaka kuigiza sauti ya Babu. “Ya mwalimu mkuu naweza,” alisema. “Yeye yuko hai, akikasirika atanichapa. Babu akikasirika nitamwomba radhi wapi?” Wiki tatu alikwenda peke yake kwenye shamba la tangawizi, akawa anakohoa. Mara mbili, anaacha. Mara mbili, anaacha. Majirani wakamletea dawa ya kifua. Siku moja Shangazi Eliamani, akipita na ndoo ya maji, alisikia kikohozi kile nyuma ya majani, akaitua ndoo, akakaa chini njiani akalia. Naetwe akajua kwamba sauti imeiva.

Na Sifael aliandika maneno. Watani hutusema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Yeye hakuona tusi, aliona njia. Katika filamu yao mpiga zeze hakumlainisha mfalme kwa muziki. Alimfungulia kesi. Aliijenga hoja, akaipanga, akaita mashahidi, akairudia tena tangu mwanzo, mpaka mfalme akashika kichwa: “Mchukue mkeo, uniache nilale!” Hapo ndipo sharti likatolewa. Ila mwisho ndio uliomgharimu Sifael. Aliuandika mara kumi na moja, na mara kumi za kwanza aliwaficha nduguze.

Waliionyesha Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, saa kumi jioni. Projekta waliiazima usharikani. Madirisha waliyaziba kwa mablanketi, lakini ukungu ulipita chini ya mlango na kukaa nao kama mtu wa nyumbani. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, ameuelekea ukuta. Naetwe alikaa mlangoni, nyuma yake kabisa, kwa sababu sauti zote angezitoa pale pale kwa kinywa chake. Shangazi Eliamani alisimama kwenye kona, mikono kifuani.

Ukuta ukawaka. Ukungu wa kwenye picha ukakutana na ukungu wa chumbani, usijue upi unaishia wapi.

Bibi aliinamisha macho. Mbwa wa vichwa vitatu akapita, Shangazi akacheka akajiziba mdomo. Bibi hakuinua macho. Kesi ikasikilizwa, mfalme akashika kichwa. Bibi hakuinua macho. Kisha ule mgongo ukatokea, ukitembea polepole, na Bibi akainua kichwa. Akautazama. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka begani, ukagusa mfupa, kana kwamba anahakikisha kama bado uko nyumbani au umeshahamia ukutani.

Mpiga zeze alikaribia mwanga. Kutoka mlangoni kikasikika kikohozi. Mara mbili.

“Nakijwa, mtu wangu!”

“Abee!” akasema Bibi.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi minane, nalo lilitoka likiwa na kutu. Lakini hakugeuka. Aliitika huku ameuelekea ukuta, shingo imekaza, machozi yanashuka.

Ukutani mpiga zeze akageuka. Mfalme akanguruma kutoka chini: sharti limevunjwa, mke arudi! Mpiga zeze akaogopa, akarudisha uso mbele. Na yule mke, ambaye kwa Wagiriki huyeyuka bila kuulizwa, akasimama palepale kwenye ukungu akasema, kwa sauti ya Naetwe mwenyewe sasa, isiyoigiza mtu:

“Mheshimiwa, kesi hii mmeisikiliza mimi sipo. Nakata rufaa. Sharti ni lako, si langu. Mimi nimetembea njia nzima nikitazama mgongo wa mtu ninayempenda, nimechoka. Geuka, nikuone.”

Picha zikaisha, ukuta ukabaki mweupe.

Bibi Nakijwa akageuka. Alianza na shingo, kisha bega, kisha akakizungusha kigoda chenyewe, kikakwaruza sakafu. Akawatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyerudi safari akihesabu watoto. Akafika kwa Mcharo.

“Mume wangu,” akasema, “mbona umekonda hivyo? Nani anakupikia?”

Kesho yake alikula makande, bakuli zima, akalalamika kwamba maharage hayakuiva. Alipomaliza aliingia chumbani akatoka na zeze.

“Nilikuwa nimeliweka nizikwe nalo,” akasema. “Sasa siendi. Babu yenu alipewa hili na mjomba wake, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Lina uzi mmoja, halina warithi wawili. Ukilikata vipande vitatu, umepata kuni. Basi alichukue aliyenigeuza.”

Wote watatu wakanyoosha mikono. Wote watatu wakairudisha.

“Bibi,” akasema Mcharo, “mimi sitaki ugomvi. Ila ungekuwa hujainua kichwa, hayo mengine yangepita juu ya kisogo chako.”

“Kuinua kichwa ndiko kugeuka?” akauliza Naetwe. “Hata kuku anainua kichwa akinywa maji. Mimi niliita, akaitika. Miezi minane hakuna aliyeitikiwa nyumba hii.”

“Aliitika,” akasema Sifael, “lakini...”

“Haya, imeanza!” akadakia Naetwe.

“Lakini hakugeuka. Kwa picha hakugeuka, kwa wito hakugeuka. Aligeuka aliposikia neno geuka.”

“Neno lako lilitoka kwa koo la nani? Ungelisoma wewe kwa sauti yako hiyo ya kutangaza msiba, Bibi angeutoboa ukuta akimbie.”

“Na mgongo aliouchoka huyo mke, aliuona wapi, kama sikuuchora?” akasema Mcharo, ambaye hakutaka ugomvi.

Shangazi Eliamani akajaribu kuamua. Kisha akasema taratibu, “Mimi sifai kuhukumu. Neno lililomkalisha ukutani lilitoka kwangu.” Akapiga magoti mbele ya mama yake, na yaliyosemwa hapo ni ya hao wawili.

Wakamrudia Bibi. Aamue mwenyewe, si ndiye aliyegeuzwa?

“Mimi?” akasema Bibi. “Nilikuwa nimewapa mgongo. Nitajuaje nani alikuwa anafanya nini nyuma yangu? Aamue aliyesikiliza habari yote tangu mwanzo.”

Akapigilia msumari kwenye ukuta wa magharibi, palepale alipokuwa akitazama, akalitundika zeze. Liko hapo hadi leo. Jioni za ukungu upepo hupita chini ya mlango, uzi ule mmoja ukalia wenyewe, sauti ndogo, kama mtu anayekohoa mara mbili kabla ya kuanza. Na popote walipo ndani ya nyumba ile, Mcharo na Naetwe na Sifael hugeuka wote kwa pamoja.

Sasa wewe uliyesikiliza tangu mwanzo, usinipe mgongo. Mkono uliomwinua kichwa, koo lililomwitikisha, au neno lililomgeuza: je, zeze ungelitungua ukampa nani?